Mapafu ya Panya na Meno ya Apo

Mbagala
Jumapili, 4 Agosti 2024
Asubuhi mawingu, upepo wa baridi, hakuna mvua.

Mdogo wangu Revelian,

Hapa tupo mimi na Apo, na cherehani inayolia kwa sababu sijaitia mafuta tangu Juni. Mama alipiga simu Alhamisi kutoka Muleba. Mguu bado unamsumbua, lakini alikuwa anagombana na mtu huku anaongea nami, kwa hiyo ni mzima. Ametutumia kahawa za kutafuna. Fungu lako nimelitenga.

Najua utashangaa kupata barua, tena ndani ya mzigo wa basi. Mara tatu tumepigiana simu kuhusu Januari, na mara tatu mmoja wetu amekata. Nimeona tuandikiane. Kwenye barua mtu anamaliza sentensi yake.

Kuhusu hiyo Januari nimekuelewa. Umepata vyumba viwili, Apo ataingia darasa la nne, na unataka akae na baba yake. Tulipomzika Bupe, mama yake, ulinikabidhi mtoto wa miaka mitano ukasema ni kwa muda. Sasa ana minane. Sijakataa. Sijakubali pia. Nisubiri kidogo.

Habari nyingine ni kwamba Jumatano madaktari wa meno walifika shuleni kwa akina Apo wakawakagua watoto wote. Darasa la tatu B wako sitini na mmoja. Arobaini na wanne wana meno yaliyotoboka. Jioni wazazi tukaitwa. Mwalimu Elinaza, wa afya, akasema ni sukari: ubuyu wa rangi, barafu za mfuko, pipi, na chai tunayoinywa kama sharubati. Mama mmoja akasimama, "Mwalimu, sisi tumekua tunatafuna miwa na meno tunayo!" Mwenzake akamwambia, "Haya, fungua tuone." Hakufungua. Watu walicheka mpaka mwalimu mkuu akagonga meza.

Nikakukumbuka. Uliwahi kuniambia huko maabara mnawanywesha panya maji ya sukari. Niandikie hasa kinachowapata. Ni kutaka kujua tu.

Apo hajambo. Pipi zako zimefika.

Dada yako,
Tekla

*

Morogoro
18 Agosti 2024

Shikamoo dada,

Barua yako imekaa siku nne kwenye ofisi ya basi kwa sababu hawakunipigia. Nimeisoma nikiwa nimesimama palepale, watu wananipita na magunia. Kahawa za mama nimezipata na nimeshazimaliza.

Dada, nikwambie ukweli, nimefurahi. Nina miaka mitatu katika kazi hii na katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya nini. Mama anawaambia watu mie ni daktari. Mjomba anasema nafuga panya. Wote wamekosea kidogo.

Ni hivi. Tuna panya wachanga arobaini, makundi mawili. Kundi la kwanza wanakunywa maji ya kawaida, la pili maji ya sukari. Chakula kipo kwa wote. Baada ya wiki kumi na mbili wanalazwa usingizi wasioamka, kisha kiungo kimoja kimoja kinatolewa kinapimwa: ini, figo, moyo, mapafu. Hapo ndipo penye kazi yangu. Nakaa kwenye mzani. Lakini uzito wa kiungo peke yake hausemi kitu, kwa hiyo tunaugawa kwa uzito wa mwili mzima, tunazidisha kwa mia. Ndiyo namba inayoandikwa kwenye jedwali.

Basi jedwali la mwezi uliopita limenishangaza. Tulitegemea ini ndilo libadilike. Lakini angalia mapafu: wa maji ya kawaida ni 0.50, wa sukari ni 0.60. Mapafu ya panya wa sukari yamezidi! Sijui sababu. Mie napima tu, maelezo ni ya wakubwa. Ila nimekuwa naifikiria hiyo namba hata nikiwa naoga.

Vyumba nimeshavilipia. Kimoja kina dirisha linaloangalia milima ya Uluguru. Nimempakia Apo pakiti mbili za karameli, moja ni ya kumwomba radhi kwa kuchelewa. Anazipenda bado? Mwambie baba anahesabu siku.

Mdogo wako,
Revelian

*

Mbagala
Jumapili, 8 Septemba 2024
Asubuhi jua kali tangu saa moja, vumbi.

Mdogo wangu Revelian,

Marahaba. Tumeamka salama. Jirani yetu Mwamvita amejifungua mtoto wa kiume Jumanne na nimemshonea shuka ndogo mbili. Maji ya bomba yanatoka siku moja na siku moja yanakatika.

Barua yako nimeisoma mara nne. Sikukuuliza habari za mapafu. Nilidhani utanijibu habari za meno. Sasa umeniambia mapafu na sijui niiweke wapi habari hiyo.

Nimetoa sukari ndani ya nyumba. Nimempa Mwamvita kilo moja na nusu, na yeye akaniuliza kama nimeokoka. Uji tunakunywa mtupu. Pipi za kwenye mzigo wako nimeziweka juu ya kabati.

Ijumaa nilikwenda zahanati. Kuna mtoto hapa mtaani anakohoa alfajiri, si sana, mara tatu nne, halafu anaendelea kulala. Nikamweleza nesi kwamba ningependa huyo mtoto apimwe uzito wa mapafu.

"Apimwe nini?"

"Uzito wa mapafu. Halafu mgawanye kwa uzito wa mwili."

Akaweka kalamu chini. "Mama, hiyo umeisikia wapi?"

"Kwa ndugu yangu. Anafanya kazi maabara."

"Basi ndugu yako kakuficha kitu kimoja. Mapafu huwekwa kwenye mzani mtu akishakufa." Akamgeukia mwenzake, "Njoo usikie, kuna mteja anataka mapafu kwa kilo." Wakacheka. Wagonjwa kwenye benchi nao wakacheka. Nilitoka bila hata kuchukua kadi.

Najua walikuwa na haki ya kucheka. Hata hivyo hawakunijibu. Kwa mtoto aliye hai, Revelian, mtu anajuaje kama mapafu yamezidi? Na yakishazidi, yanarudi?

Nimekuwa nampima Apo kwa Mzee Mfaume, kwenye mzani wake wa mchele. Mara ya kwanza, Jumapili iliyopita, alikuwa kilo 23. Nitaendelea kuandika kila Jumapili.

Dada yako,
Tekla

*

Morogoro
14 Septemba 2024

Dada, shikamoo.

Sitaanza na habari za hapa.

Mtoto gani wa mtaani? Watoto wa mtaani hawapimwi na wewe kwa Mzee Mfaume. Mtoto anayekohoa alfajiri ni Apo. Dada, Bupe alianza hivyohivyo. Alfajiri, mara tatu nne, halafu anaendelea kulala. Nilikuwa nimelala pembeni yake nikijiambia ni vumbi.

Jana nimekupigia mara sita. Mara ya tano ulipokea, nikasikia cherehani, ukakata.

Kama anaumwa, niambie. Kama mapafu ndiyo, niambie. Na kama umeshindwa, hilo nalo niambie, sitakulaumu. Sisubiri Januari. Nimeomba ruhusa, nikipata nakuja kumchukua mwezi huuhuu.

Revelian

*

Mbagala
Jumapili, 22 Septemba 2024
Asubuhi manyunyu, yalikatika saa mbili.

Mdogo wangu Revelian,

Tulia kwanza usome. Jumatatu nilimpeleka Apo hospitali ya wilaya. Amepigwa picha ya kifua na amepimwa makohozi. Kifua chake ni safi. Daktari amesema kikohozi ni cha vumbi la kitambaa. Kitanda chake kilikuwa karibu na cherehani. Nimekihamishia upande wa mlango. Majibu yote nimeambatanisha, uyaone kwa macho yako.

Ulipopiga mara ya tano nilikata kwa sababu ulisema neno "Bupe" kabla hata sijasema haloo.

Sasa nikueleze jambo lingine, na uniambie kama nimekosea.

Apo hapendi uji mtupu. Anaacha nusu. Mkate mkavu anaacha. Mzani wa Mfaume: tarehe 1 kilo 23, tarehe 8 kilo 22 na nusu, tarehe 15 kilo 22, leo hivyohivyo 22. Alhamisi alivaa sketi ya shule, ikamshuka mpaka kwenye nyonga. Akaniambia, "Shangazi, sketi imekua." Nikamcheka. Nikachukua pini, nikapiga magoti nimbane kiuno, na pini nikiwa nayo mdomoni nikasimama.

Sketi haikukua. Nimeishona mwenyewe, najua ina inchi ngapi. Aliyepungua ni aliyemo ndani yake.

Nilikwenda kwenye daftari nikakuandikia swali hili: hao panya wa sukari, wana uzito gani? Si ile namba ya kugawa. Mapafu peke yake yana gramu ngapi, na panya mzima ana gramu ngapi? Maana kama maji ya sukari yamewashibisha wakaacha chakula, wakabaki wadogo, basi mapafu hayakuzidi. Nimekaa wiki tatu namnyima mtoto sukari kwa ajili ya mapafu, huenda kwa kitu ambacho hakipo.

Lakini kuna kitu ambacho kipo kweli. Nilipaswa kukuandikia Agosti. Katika wale arobaini na wanne wa darasa la tatu B, Apo ni mmoja. Ana meno manne mabovu. Matatu ni ya utotoni. La nne ni gego la ukubwani, lililoota akiwa na miaka sita, na likitoka halitaota lingine. Yote manne yapo upande wa kushoto. Daktari wa meno aliniuliza, "Mama, mtoto huyu hulalia upande gani?" Nikasema kushoto. "Hulala na nini mdomoni?"

Hulala na pipi. Karameli yako, moja kila usiku, shavuni, mpaka iishe yenyewe. Alianza mwezi ule ulipoondoka. Alikuwa analia mpaka anatapika, nikampa moja, akanyamaza. Kesho yake nikampa tena. Nilijua. Sikuhitaji Mwalimu Elinaza kuniambia. Kila mzigo ulipofika nilijiambia nitakuandikia uache kutuma, na kila mara nilifikiri: nikimwambia, ataniuliza nilikuwa wapi miaka mitatu, na atamchukua, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo nikakuuliza habari za panya.

Wataondoa meno Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, saa tatu asubuhi, hospitali hiyohiyo. Gego la ukubwani wataangalia siku hiyo kama linazibika. Fanya unavyoona.

Dada yako,
Tekla

*

Morogoro
2 Oktoba 2024

Shikamoo dada,

Majibu ya kifua nimeyasoma, nikampelekea na daktari wa hapa kazini, ingawa ni wa mifugo. Amesema ni safi. Nimekunja ile karatasi, ipo kwenye pochi.

Swali lako. Nilifungua daftari la mzani, lile la mwanzo kabla ya kugawa. Panya wa maji ya kawaida: mwili gramu 300, mapafu gramu 1.5. Panya wa sukari: mwili gramu 250, mapafu gramu 1.5. Nikahesabu tena kwa simu, nikahesabu kwa mkono. Mapafu ni yaleyale, dada. Kilichopungua ni mwili. Mie mwenyewe nimeyashika mapafu arobaini kwa koleo, na sikuona, kwa sababu nilikuwa naangalia namba ya mwisho.

Nikampelekea mkubwa wangu. Akasema, "Revelian, hilo tunalijua, limeandikwa chini ya jedwali." Kweli limeandikwa, kwa herufi ndogo. Nikamuuliza, na meno yao je? Akaniangalia. "Meno? Panya meno yao yanaota maisha yote, na hata hivyo hatukuyaangalia. Utafiti si wa meno." Vichwa vyote vilishachomwa. Ni mie niliyevipeleka kwenye tanuru.

Kwa hiyo sina cha kukujibu kuhusu meno. Ulichouliza mwanzo hatukukipima.

Kuhusu zile pipi nimeandika ukurasa mzima, nikauchana. Niliandika kwamba hukunitendea haki kunificha. Halafu nikaona kwamba kwa miaka mitatu sikuwahi kuuliza zinaliwaje. Nilikuwa nauliza tu kama zimefika. Sasa sijui nani amkasirikie nani. Nikianza na wewe naishia kwangu, nikianza na mie narudi kwako.

Tarehe 10 nitakuja. Nimepewa siku mbili.

Kuhusu Januari tutaongea uso kwa uso, au hatutaongea, sijui. Mpe Apo uji wenye sukari kidogo. Apate uzito.

Mdogo wako,
Revelian

*

Mbagala
Jumapili, 13 Oktoba 2024
Asubuhi joto, mawingu machache upande wa bahari.

Mdogo wangu Revelian,

Marahaba. Natumaini ulifika salama na mwavuli wangu umefika nawe, maana hapa haupo. Mtoto wa Mwamvita ameitwa Marijani. Mama amepiga simu akauliza kama ni kweli ulikuja na ukaondoka bila kumsalimia hata kwa simu. Nilikutetea.

Uvimbe wa Apo umeshuka. Anakula uji wa vuguvugu, sukari nusu kijiko, halafu anasukutua na anapiga mswaki mbele yangu. Usiku halali na kitu. Juzi na jana alilia, si kama zamani, kidogo tu, nami nilikaa kitandani kwake mpaka akanyamaza. Leo kwa Mfaume ni kilo 22 na robo. Ile sketi niliyoibana nimeilegeza kiuno inchi moja.

Yaliyotokea Alhamisi nimeyaandika kwenye daftari langu, lakini hayaelewiki hata nikiyasoma mwenyewe, kwa hiyo nakuandikia na wewe. Huenda uliyaona tofauti.

Daktari alitoka na ile fomu akasema gego la ukubwani halizibiki, limeoza mpaka kwenye mzizi, na anahitaji idhini kuling'oa pamoja na yale matatu. Akauliza, "Mlezi wa mtoto ni nani?" Tukasema "Mimi" kwa pamoja. Akatuangalia, akasema, "Mstari ni mmoja."

Wewe ulichukua kalamu. Uliishika muda mrefu. Yule mama aliyekuwa nyuma yetu alianza kulalamika, "Jamani, na sie tuna wagonjwa." Halafu ukanipa mimi. Ukasema, "Saini wewe, dada." Nikasaini.

Ulimaanisha nini? Tangu siku ile nayageuza maneno hayo kichwani. Saa nyingine naona ulisema kwamba mtoto ni wangu. Saa nyingine naona ulisema kwamba jino limeharibikia mikononi mwangu, basi nisaini mimi. Na mara moja, nikiwa nashona, niliona labda ulitaka tu yule mama wa nyuma yetu aache kulalamika. Nilitaka kukuuliza palepale, lakini walikuwa wameshamwita Apo, na wewe ulikuwa umeshaingia naye.

Niliwasikia kutoka kwenye benchi mlipokuwa mnangoja ganzi ishike.

"Baba, panya wako wana majina?"

"Wana namba."

"Wa kwanza anaitwa Moja?"

"Ndiyo."

"Na anajua kwamba ndiye Moja?"

Ulicheka, halafu nikasikia unapenga kamasi. Mlipotoka ulikuwa umembeba, mrefu alivyo, miguu inaning'inia mpaka magotini kwako, pamba mdomoni, hivyohivyo mpaka nyumbani. Ulikunywa chai. Uliangalia kitanda chake pale mlangoni. Ulisema basi la saa kumi linajaa mapema. Januari hukuitaja, wala mimi sikuitaja.

Leo baada ya misa nimemuuliza mwenyewe. Najua hukutaka aulizwe, na mimi sikutaka, lakini mdomo ni wake. Nimemwambia, "Apo, unataka kukaa Morogoro na baba, au hapa?" Akafikiri. Akasema, "Nataka kwenda kuwaona panya, halafu nirudi." Nikamuuliza, ukirudi, ndiyo basi? Akasema, "Halafu niende tena." Nikamuuliza nyumbani kwake ni wapi. Akaniangalia kama nesi wa zahanati alivyoniangalia.

Mwalimu mkuu amenipa fomu ya uhamisho. Inahitaji saini ya mlezi, na shuleni jina lililoandikwa ni langu, wewe uliliandikisha. Nimeijaza yote kwa kalamu nyeusi: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule anayotoka, shule anayokwenda. Mstari wa mwisho nimeuacha wazi.

Shule ikifungwa Desemba nitamleta mwenyewe. Tutakaa wote watatu wiki mbili kwenye hivyo vyumba viwili, mimi na yeye kwenye chumba cha dirisha. Fomu nitakuja nayo. Tutakuwa mezani, na safari hii hakutakuwa na mtu nyuma yetu anayelalamika. Nitakupa kalamu na utaniambia ulimaanisha nini. Kama mlezi ni mimi, nitaichana ile fomu. Kama ni wewe, nitasaini palepale, halafu nitakuomba unionyeshe ule mzani wako wa maabara, maana nimeusikia sana.

Usitume kitu na mzigo. Tuma barua tu.

Dada yako,
Tekla

Jumatatu, 14 Oktoba, asubuhi, kabla sijaifunga bahasha. Joto tena, hakuna upepo. Jana nilizima taa saa nne. Apo hakulia. Nilimsikiliza apumue, nikangoja alie, hakulia. Nililala saa nane na dakika ishirini.